Asubuhi za Kitinda

Mtaa mzima ulimwita Hamira. Hata marehemu mumewe alimwita hivyo, na jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti tu. Jina la Hamira lilitokana na tanuri la mikate alikofanya kazi tangu usichana wake. Watu walisema mwanamke huyu ni hamira kweli: wewe ukilala yeye yuko kazini, ukiamka unakuta mambo yameshaumuka.

Saa tisa za usiku macho yake yalifunguka yenyewe, bila saa ya kengele wala jogoo. Akanawa, akafunga kilemba, na kabla mji haujajigeuza kitandani yeye mikono yake ilikuwa imezama ndani ya unga mpaka kwenye viwiko. Na saa mbili jioni, hata sebule iwe na wageni, aliinuka akawaaga. "Mtanisamehe. Usingizi wangu una adabu. Nikiuita unakuja, nikiufukuza unaondoka." Wageni wakacheka, naye huyo, akalala usingizi wa pono.

Ndugu wa tumbo moja alikuwa amebakiwa na mmoja tu, mdogo wake, aliyeitwa Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao. Mama alipofariki, Kitinda alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Hamira ndiye aliyemlea. Alikwenda naye tanurini alfajiri, akamlaza juu ya magunia matupu, na kukipambazuka akamsuka nywele kwa vidole vyenye unga na kumsukumia shule. Kitinda alikua na kichwa cheupe kama mvi za bibi, kumbe ni unga tu. Watoto wenzake walimcheka, naye akawacheka zaidi.

Alipokuwa mtu mzima Kitinda alipata kazi nchi za mbali, kwenye nyumba ya kutunza wazee. Huko aliolewa, akaachika, akabaki na binti mmoja. Ilikuwa mbali kiasi kwamba huku kukipambazuka, kule watu wanafunga madirisha. Lakini kwa hawa wawili umbali huo uliwafaa. Kitinda alitoka zamu mchana wa kule, saa zile zile Hamira anakanda gizani. Basi simu iliegemezwa kwenye debe la unga, mmoja anakanda, mwingine anamenya viazi vya chakula cha jioni, na umbea ukatembea. Miaka na miaka hawakuwahi kupishana saa.

Kisha simu zikapungua. Kitinda akasema amechoka, akasema tumbo linamsumbua, akasema ni uzee. Siku moja simu ikaja saa isiyo ya kawaida, na aliyepiga ni binti.

"Mama mkubwa, shikamoo. Mama ni mgonjwa sana."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wa nini?"

"Ini. Imeharibika. Daktari anasema hawezi kufanya kitu tena." Kiswahili cha binti kilikuwa cha kuokota jikoni kwa mama yake, na maneno yaliteleza mahali pasipostahili. "Mimi nitatuma tiketi. Njoo haraka, mama mkubwa. Anakuita wewe tu."

Hamira aliishika simu kwa mkono uliojaa donge la unga, na donge lile likaning'inia mpaka likadondoka sakafuni.

*

Mtaani palikuwa na mzee aliyeitwa Bwana Mawingu. Aliwahi kupanda ndege safari moja ndefu, zamani, kwenda kutibiwa jicho, na tangu hapo hakuna mazungumzo yaliyoweza kupita bila kupaa. Aliposikia habari za Hamira alivaa koti akaja.

"Dada Hamira, sikiliza. Ndege si shida. Shida ni saa. Utafika kule mwili wako umebaki huku. Mchana wao ni usiku wako. Utasinzia kama kuku mwenye mdondo."

"Mimi nisinzie? Bwana Mawingu, mimi nimeamka saa tisa maisha yangu yote."

"Ndiyo maana! Mtu kama mimi, ninayelala ovyo, mwili hauna msimamo, unakubali lolote. Wewe mwili wako ni askari. Utagoma." Akanyoosha vidole. "Anza leo. Kila siku sogeza usingizi mbele kidogo. Ndani ya ndege kunywa maji, simama, tembea, miguu isivimbe. Ukifika toka nje kwenye jua, na usiguse kitanda mpaka jua lao lizame. Siku tatu nne mwili utasalimu amri."

Maneno yalikuwa ya kweli, lakini nani angeyafuata? Mwenye tanuri hakumruhusu kuondoka mpaka afundishe mtu wa kushika nafasi yake, na mtu mwenyewe, msichana mmoja mwenye mikono mizuri na kichwa kizito, aliacha unga ukaumuka hadi ukafurika kwenye karai. Hamira alishinda tanurini hadi saa za mwisho. Jioni moja alijaribu kukaa macho apitishe saa zake. Aliwasha redio, akaanza kupanga sanduku, akaja kujikuta asubuhi amejikunja juu ya nguo, alama ya zipu shavuni.

"Nitalala nikirudi," aliwaambia majirani waliokuja kumuaga. "Huko naenda kukaa na mdogo wangu. Sitafumba jicho."

Ndani ya ndege kweli hakufumba. Kwanza aliogopa, akashika mikono ya kiti kana kwamba ndiyo inayoishikilia ndege isianguke. Kisha mawazo yakamwandama. Waliwazimia taa na kufunga madirisha wakati mwili wake unajua ni mchana kweupe. Wakaleta kifungua kinywa wakati anahisi ni jioni. Wakabadilisha ndege kwenye uwanja mkubwa wa vioo, watu wamelala kwenye mazulia kama waliopigwa na upepo, naye amekaa wima na mkoba mapajani. Alikunywa maji, alisimama, alitembea kwenye ujia mpaka mhudumu akamuuliza kwa ishara kama anatafuta choo.

*

Binti alimpokea jioni. Walikumbatiana mlangoni mwa uwanja, na Hamira akashtuka, maana binti alikuwa na mabega ya Kitinda, mabega yale yale membamba ya kubebea mkoba wa shule. Walikwenda moja kwa moja hospitali. Kitinda alikuwa amelala kwa dawa, rangi ya ngozi imegeuka manjano, mdomo wazi. Hamira alimshika mguu kupitia shuka. Ulikuwa mwepesi kama ufito.

"Jioni anapewa dawa nyingi ya maumivu," binti alieleza. "Asubuhi ndiyo anaamka. Asubuhi anakataa dawa. Muuguzi anamwambia, utaumia bure. Anasema hapana, dada yangu anakuja, nataka akili yangu."

"Anavumilia maumivu kwa ajili yangu?"

"Kila asubuhi. Wiki nzima sasa."

Nyumbani kwa binti Hamira alipewa kitanda kizuri, lakini mwili ulikuwa macho, unatafuta kazi. Alisugua masufuria yaliyokuwa safi, akakunja nguo zilizokunjwa. Kulipoanza kupambazuka, ndipo alipohisi kitu kizito kinamteremkia toka utosini, polepole, kama blanketi lililolowa. Akanawa uso, akasema hili si kitu.

Saa nne asubuhi walikuwa wodini. Kitinda alikuwa ameketi akiegemea mito, amechanwa nywele, macho wazi. Alimtazama dada yake toka kilemba mpaka viatu.

"Umezeeka," akasema.

"Na wewe umekonda."

"Basi tumelipana."

Wakacheka, kisha wakalia, kisha Hamira akavuta kiti mpaka magoti yakagusa kitanda. Walishikana mikono. Kitinda aliuliza habari za mtaa, nani amezaa, nani ameaga dunia, ukuta ule wa jirani kama umeshaanguka. Mara moja moja maumivu yalimpitia, akafunga macho na kubana mkono wa dada yake, kisha akaendelea pale pale alipokomea. Binti alisimama dirishani, akiwatazama kama mtu anayetazama mvua nyumbani kwa watu.

"Halafu dada," Kitinda alisema, na uso wake ukachangamka ghafla, "unalikumbuka lile pipa la unga?"

"Pipa gani?"

"La pale tanurini, nyuma ya mlango. Lenye kifuniko cha mbao. Siku ile mzee mwenye tanuri alipokuja na hasira zake." Akamkazia macho. "Hujui? Mpaka leo hujui?"

"Sijui nini?"

"Mungu wangu! Dada hajui!" Alijishika mbavu, kicheko na maumivu vikimjia pamoja. "Ngoja nikwambie. Leo nitakwambia, nimekuficha miaka mingi mno. Siku hiyo wewe ulikuwa nje unapakia mikate. Mimi nikaamka pale kwenye magunia, nikaona..."

Hamira alimsikia. Alitaka kusikia kuliko alivyowahi kutaka kitu. Lakini chumba kilikuwa na joto, jua limelala juu ya shuka jeupe, na sauti ya Kitinda ilikuwa ile ile ya zamani ya kwenye simu, inayopanda na kushuka. Huko nyumbani muda huo ulikuwa usiku, saa ambazo yeye amekwisha kulala. Blanketi lile lililolowa likamshukia lote kwa mara moja. Aliona midomo ya mdogo wake ikicheza, akajiambia, fumbua macho, akajibu, nimefumbua, na hakuwa amefumbua.

Alipozinduka ilikuwa saa tisa. Saa tisa barabara ya mchana, na kule kwao saa tisa za usiku, saa yake. Macho yalifunguka yenyewe, makavu na mepesi. Pazia lilikuwa limefungwa. Mtu alikuwa amemfunika bega kwa taulo la hospitali. Kitandani Kitinda amelala kwa dawa, mdomo wazi.

"Kwa nini hukuniamsha?" Hamira alimgeukia binti.

"Nilitaka. Mama alinishika mkono. Alisema mwache alale, ameamka kabla ya watu wote maisha yake yote, mwache siku moja alale."

"Na hadithi je? Aliimaliza?"

"Aliongea kidogo tena, akakutazama, akanyamaza. Aliita dawa mapema leo. Maumivu yalikuwa mengi."

Hamira alijipiga paja. "Mwanangu, nisikilize vizuri. Kesho nikisinzia nimwagie maji. Nifinye. Nipige kofi, sitakuhesabia kosa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama mkubwa."

*

Jioni hiyo binti alimnunulia vidonge vya usingizi, ili alale usiku kama watu. Alimeza. Vidonge vikakaa tumboni kama mgeni asiyejua alichofuata, usiku ukaisha, na alfajiri ndipo vilipoamka na kuanza kazi. Alikwenda hospitali akitembea kama aliyekunywa pombe. Alikunywa kahawa nyeusi. Alikataa kiti, akasimama akishika chuma cha kitanda.

Kitinda alikuwa na hali mbaya kuliko jana. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Muuguzi aliingia na sindano, naye akatikisa kichwa, bado, bado. Alizungumza polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache, juu ya binti yake: atabaki peke yake huku, hana ndugu, Kiswahili chenyewe anakijua nusu.

"Usimwache, dada. Hata kwa simu."

"Trei ya chini inaungua," Hamira akajibu.

"Nini?"

"Itoe. Geuza ile ya juu, toa ya chini." Alikuwa amesimama wima, macho nusu wazi, mikono imeshika chuma cha kitanda kama kishikio cha mlango wa tanuri.

Binti alimfinya mkono. Akamfinya tena. Hamira akashtuka, akasema nipo, nipo, endelea, na baada ya maneno mawili akaanza kuhesabu madonge kwa sauti. Kitinda alicheka kidogo. Halafu machozi yakamtoka bila sauti, akamwambia binti, "Dada yangu hajafika. Yule pale ni mwili tu, mwenyewe yuko tanurini." Akageuza uso kwa muuguzi na kuunyoosha mkono wa sindano.

Haya yote Hamira aliambiwa baadaye. Yeye alikumbuka tu harufu ya mkate unaoungua, na alipozinduka kwenye kiti walichomkalisha, ilikuwa saa tisa tena.

Ndipo alipomkumbuka Bwana Mawingu. Hakungoja kuambiwa na mtu. Alitoka nje mchana ule ule, akazunguka ua wa hospitali kwenye jua, mzunguko baada ya mzunguko, kilemba kimelegea, walinzi wakimtazama. Jua lilipozama alikula chakula hata bila njaa, akafunga mapazia, akalala chali na kuulazimisha mwili. Labda ni uchovu, labda mwili ulisalimu amri kweli. Alilala fofofo, na alipoamka ndege walikuwa wanalia nje, asubuhi ya kule, na yeye mzima kama mboga iliyonyunyiziwa maji. Alikaribia kupiga kelele za furaha. Alioga, akavaa gauni la kitenge alilolihifadhi kwa siku hiyo, akamgongea binti mlango.

"Amka, mwanangu! Leo hata mje na ngoma sisinzii. Leo atanimalizia lile pipa."

Daktari alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi. Alizungumza na binti kwa lugha yao, kwa sauti ya chini, kwa heshima. Hamira hakuelewa neno hata moja, lakini aliyaona yale mabega membamba yakishuka.

"Usiku ilikuwa mbaya," binti alisema hatimaye. "Ini imeacha kabisa. Walimpa dawa yote. Daktari anasema hataamka tena, mama mkubwa. Atalala hivi mpaka..."

Maji yalikuwa yamezidi unga.

Hamira aliketi kwenye kiti chake. Alikaa macho siku nzima. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Hakusinzia hata kufumba na kufumbua. Alimpaka Kitinda mafuta midomoni, akamgeuza na wauguzi, akamsemesha mambo yote ya mtaani, akarudia yale aliyokwisha kuyasema, akamwambia nipo, sasa nipo, nisikilize. Pumzi za Kitinda zilikuja kwa mafungu, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Asubuhi moja, jua likiwa pale pale juu ya shuka, hazikuja tena. Hamira aliiona pumzi ya mwisho ikitoka, akiwa macho kabisa.

*

Walimzika huko huko, kwa watu wachache: wafanyakazi wenzake wawili watatu, jirani mmoja, na ajuza aliyeletwa kwa kiti cha magurudumu kutoka nyumba ya wazee, ambaye alilia kuliko wote.

Siku ya kufungasha, Hamira alimkalisha binti mezani.

"Hebu jaribu kukumbuka. Siku ile ya pipa. Baada ya mimi kulala, alisema nini?"

Binti alikunja uso. "Alisema haraka, mama mkubwa. Alikuwa anacheka. Nilisikia kikombe. Nilisikia panya. Halafu, akakaa juu ya kifuniko."

"Nani alikaa? Yeye mwenyewe au mzee?"

"Sijui. Alisema tu 'akakaa'."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Kiswahili hakisemi, mama mkubwa," binti alijibu, na akaanza kulia kana kwamba kosa ni lake.

Hamira alimvuta kifuani. Akamsugua mgongo kama anayekanda.

Aliporudi kwao mwili uligeuka tena kichwa chini. Alisinzia tanurini, unga ukafurika kwenye karai zake mwenyewe, na mwenye tanuri, kwa kumwonea huruma, akajifanya hakuona. Bwana Mawingu alikuja na koti lake kutoa pole.

"Ulifanya nilivyokuambia, dada?"

"Nilifanya."

"Na ilisaidia?"

"Ilisaidia," Hamira alisema. "Kwa kuchelewa siku moja."

Mzee hakuelewa, lakini aliuona uso wake, na kwa mara ya kwanza aliondoka bila kupaa.

Hamira aliuliza habari za pipa kwa kila mtu aliyedhani anaweza kujua. Mzee mwenye tanuri alishakufa, na mwanawe aliyerithi hakukumbuka pipa lolote. Waokaji wa zamani walikuwa wameondoka au wamezikwa. Alibaki bibi mmoja aliyekuwa akiuza maziwa jirani. Huyo alisema analikumbuka vizuri sana, akaanza kusimulia habari za kisima. Hamira alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru.

Binti alipiga simu mara kwa mara mwanzoni, mchana wa kwake, akiwa ametoka kazini. Hamira aliiegemeza simu pembeni yake huku anakata madonge. Walijuliana hali. Walizungumza hali ya hewa. Binti alitafuta maneno, mengine akayakosa, na Hamira naye, aliyekuwa na maneno ya kumwaga kwa mama mtu, hakujua aanzie wapi kwa mtoto.

"Nguo za mama nifanye nini, mama mkubwa?"

"Gawa, mwanangu. Baki na moja."

"Ipi?"

Hamira alifikiri. Hakuzijua nguo za mdogo wake. Katika miaka yote ile kwenye simu alikuwa akimwona kuanzia mabega kwenda juu.

"Yoyote utakayopenda," akasema.

"Sawa. Utakuja tena?"

"Nitakuja."

"Sawa, mama mkubwa," binti alisema, kwa sauti ya upole ya mtu anayemruhusu mkubwa wake kusema uongo. Wakaagana, kioo cha simu kikazimika, na Hamira akabaki ameshika kisu juu ya unga uliokatwa nusu.